Mabomba ya pikapu yangu, na kwa nini niliyakata nusu

Sentimita 45. Kama umekuja kutafuta tu urefu wa mabomba ya kuzuia mzigo ubavuni mwa pikapu, chukua namba hiyo ukampe fundi wako, mengine utasoma ukipata nafasi. Kipimo kinaanzia kwenye ukingo wa bodi, lile sanduku la mizigo la nyuma, kwenda juu, si sakafuni. Mimi nilianza na 90. Nikayapeleka mabomba kwenye grenda ya kukatia chuma mwenyewe, kwa miguu yangu, na fundi aliyekata aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Gari ni Toyota Hilux singo kebini, dizeli, yenye umri mkubwa kuliko mpwa wangu anayeiendesha siku mgongo ukinikatalia. Kazi yake kabichi na karoti. Inazichukua huko juu, Lushoto, inazishusha Mombo, ambako malori ya Dar es Salaam na wanunuzi wa Tanga wanasubiri. Lushoto mjini hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na katika hizo unashuka karibu mita 1,000. Anayeijua barabara ile hahitaji maelezo. Asiyeijua, afikirie lami nyembamba iliyobandikwa ubavuni mwa mlima, mkono mmoja jabali, mkono wa pili korongo, na kona ambazo unakutana na basi katikati yake kila siku kana kwamba mmepanga.

Kwa miaka mingi nilibeba bila mabomba. Magunia yanapangwa, yanapita ukingo wa bodi safu mbili, turubai juu, halafu kamba za manila zinazungushwa kwenye zile kulabu za nje za bodi mpaka gari inafanana na mtu aliyefungwa bandeji. Kufunga huko ni nusu saa ukiwa na mtu anayejua, na saa nzima ukiwa na mtu anayejifanya anajua. Na bado gunia la pembeni lilikuwa linachomoka. Siku moja gunia la karoti lilishuka lenyewe karibu na Soni, mji mdogo wa njiani, likapasuka, karoti zikatangulia mbele ya gari kuteremka. Watoto waliokuwa wakitoka shule walizikusanya vizuri sana. Hakuna iliyorudi kwangu.

Hapo ndipo nilipoamua kuweka vyuma vya ubavuni.

Fundi wa kwanza nilielekezwa na mtu ninayemheshimu, kwa hiyo sikuuliza mengi, kosa langu hilo. Alinitajia laki mbili na nusu za kazi tu, tukashindana, tukaishia laki na themanini. Vyuma nikanunua mwenyewe: skwea paipu, mabomba ya pembe nne, za inchi moja na nusu, vipande sita vya mita sita. Niliviona vyepesi pale dukani, kijana anakibeba kimoja begani huku anatafuna muwa. Baadaye ndipo nikapiga hesabu: bomba moja la aina ile ni kama kilo kumi. Mabomba sita, kilo sitini. Hizo ni kilo sitini ambazo gari inazibeba kila siku, ikiwa na mzigo au tupu, na hakuna anayenilipa nauli yake.

Alifanya kazi haraka. Akapima kwa kamba ya katani, akakata, akasimamisha nguzo sita, tatu kila upande, akalaza bomba mbili za kupita, moja katikati na moja juu. Nyuma ya kebini akaweka fremu kubwa ambayo mpwa wangu aliiita goli, na jina limebaki. Kisha nguzo zote akazichomelea moja kwa moja kwenye ukingo wa bodi.

Simama hapo kidogo, maana hapo ndipo pesa yangu ilipopotelea.

Ukingo wa bodi ya pikapu ukiutazama juu unaonekana kama chuma kinene. Si kweli. Ni bati jembamba lililokunjwa, ndani ni uwazi. Gonga kwa ufunguo utasikia. Ukiliwekea moto wa kuchomelea chuma kinene, bati linatoboka kabla nguzo haijapata moto wa kutosha. Fundi akaziba tundu kwa kuchomelea tena, tundu likawa kubwa, akaziba tena. Mwisho kila nguzo ilisimama juu ya donge la chuma lenye umbo la kinyesi cha ng'ombe, akalisaga kwa grenda, akalipaka rangi nyeusi, likang'aa. Kwa nje lilipendeza. Ndani ya mkunjo, ambako brashi haifiki, rangi ya kiwandani ilikuwa imeungua yote. Mvua za vuli zilipoingia, kutu ilianzia humo humo ndani. Nilipoiona nje ilikuwa imeshamaliza kula.

Halafu hakuchomoa waya wa betri. Mtu akichomelea kwenye gari, waya wa hasi wa betri unatolewa kwanza, na ile koleo ya athi ya mashine ya kuchomelea inabanwa karibu kabisa na mahali panapochomelewa, ili umeme usizurure gari nzima kutafuta njia ya kurudi. Yeye alibana athi kwenye bampa la mbele na kuchomelea nyuma. Wiki hiyo hiyo altaneta ikaacha kuchaji betri. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini ilikuwa nzima aliponipokea.

Na mlango wa nyuma haukufunguka. Nguzo mbili za mwisho zilikaa juu ya komeo. Akazikata, akazisogeza mbele kiganja kimoja, akaacha makovu mawili ambayo yapo hadi leo.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni urefu.

Nilimwambia afanye 90 kwa sababu nilikuwa nafikiria kabichi. Kabichi ina ujazo mkubwa na uzito mdogo. Inajaza gari upesi, lakini springi zinakaa zimetulia. Bodi yangu kwa ndani ina urefu wa mita 2.3 hivi, upana mita moja na nusu, kina kama sentimita 45. Nilipopima magunia moja moja kwenye mzani na kujumlisha, bodi iliyojaa kabichi usawa wa ukingo ilikuwa na kilo mia tano na ushee. Gari ni ya tani moja. Kwa hiyo nikajiambia, nafasi ninayo, naibebesha hewa bure. Hesabu ilikuwa sahihi mpaka hapo. Ila nilisahau kwamba mimi siyo ninayepakia.

Wanaopakia ni vijana wa shambani, na wao wanalipwa kwa gunia. Siku ya kwanza na mabomba mapya nilikuwa nimesimama pembeni na daftari, magunia yamefika usawa niliozoea, nikasema basi, tosha.

"Mama, bado pana nafasi."

"Nafasi iko wapi?"

"Si hiyo hapo juu. Bomba halijajaa."

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia siku ile. Kabla ya mabomba, kipimo kilikuwa macho yangu na kamba. Mzigo ukizidi, kamba inagoma. Baada ya mabomba, kipimo kikawa bomba la juu. Mwenye shamba anatazama bomba la juu, mpakiaji anatazama bomba la juu, mnunuzi wa Mombo akipiga simu anauliza, "Imejaa mpaka juu?" Mnaojua lumbesa mtanielewa upesi. Wakala wa Vipimo wanasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mtu anashona kilemba juu ya gunia, anakijaza, kisha kilemba kinakuwa ndiyo desturi, na gunia lisilo na kilemba linaitwa pungufu. Nami nilikuwa nimeivisha pikapu kilemba cha chuma. Gari yangu yote ikawa lumbesa.

Na msimu wa karoti ukafika.

Karoti haina utani. Bodi ikijaa karoti usawa wa ukingo tu, bila bomba lolote, unakaribia tani. Ukiijaza mpaka sentimita 90 juu ya ukingo umebeba mzigo wa karibu gari tatu kwenye gari moja. Sikuwahi kufika huko, sikuwa mwendawazimu kiasi hicho, lakini nilifika nusu ya njia na nikaona ni kawaida, kwa sababu ukitazama kutoka nyuma, mabomba bado yalikuwa na nafasi. Jicho linadanganyika. Mzigo uleule uliokuwa unaonekana mlima sasa unaonekana umekaa bondeni.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua nyepesi. Nilikuwa naendesha mimi. Tumeshapita Soni, gia ya pili, naacha injini ishike gari badala ya breki, na mpwa wangu ananisimulia habari za mpira. Kwenye kona ya kulia, ya kubana, nikasikia gari inachelewa kurudi. Wanaoendesha mizigo wanaijua hali hiyo: usukani umeshanyooka lakini mzigo bado unamalizia kona. Halafu nyuma pakalia kama mtu amepasua debe.

Hatukuanguka. Nasema mapema ili mama yangu akisomewa hii asishike moyo.

Nilisimama palipopanuka kidogo, mpwa wangu akaruka na mawe akaweka chini ya matairi, breki zinanuka mpaka ndani. Nguzo ya nyuma kushoto ilikuwa imeinama nje kwa pembe ya mkono uliokunjwa. Chuma cha nguzo kizima. Hata donge la fundi zima. Kilichopasuka ni bati la bodi kuzunguka donge: lilikuwa limefunguka kama mkebe wa dagaa, na mdomo wake wote kutu. Magunia ya juu yalikuwa yameegemea turubai, na turubai limeshikwa na kamba moja ya manila ambayo nilitaka kuiacha asubuhi ile kwa sababu, nilisema, mabomba yanatosha.

Nilipoitazama vizuri ndipo akili ikanijia. Nguzo ya sentimita 90 ni mtaimbo. Gunia linalosukuma juu kabisa, mkono wake ni mrefu, na nguvu yote inaishia chini kwenye bati. Nguzo ikiwa nusu ya urefu ule, gunia lile lile linapata nusu tu ya nguvu ya kuing'oa, na magunia yenyewe hayapandi juu kiasi hicho. Nilikuwa nimenunua mtaimbo wa kung'olea bodi ya gari yangu, nikaulipia laki na themanini.

Tulishusha magunia kumi na moja pale pale. Mwenye Canter akatusaidia kuyateremsha Mombo kwa bei ya mtu anayejua huna pa kwenda.

Fundi wa pili ni mzee wa Mombo. Karakana yake haina kibao. Ina mwembe, na watu wanasema "pale kwenye mwembe". Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka gari kimya. Alifanya kitu ambacho wa kwanza hakufanya: alilala chini ya gari. Akakaa huko muda nikadhani amesinzia. Alipotoka akasema, "Mwanangu, bodi haina mfupa juu. Mfupa uko chini."

Chini ya sakafu ya bodi kuna vyuma vilivyokingama toka upande hadi upande, kama mbavu, ndivyo vinavyobeba sakafu na kukaa juu ya chesisi. Alichonipendekezea ni nguzo zisimame ndani ya bodi, zitue sakafuni juu ya mbavu hizo, na zisichomelewe kwenye gari hata tone moja. Kila nguzo ikapata kiatu, bamba la ukubwa wa kiganja lenye matundu mawili, bolti zinapita sakafu na ubavu wa chini, na upande wa chini bamba lingine la kupokea nati ili isizame kwenye bati. Juu, kwenye ukingo, akatengeneza klempu ya flati ba, chuma bapa, inayoukumbatia ukingo bila kuutoboa, na katikati ya chuma na chuma akaweka mpira wa tyubu ya tairi. Mpira huo una kazi mbili: hauachi rangi ikwanguke na hauachi chuma kipige kelele. Nguzo za katikati zilisumbua kwa sababu ya nundu za tairi. Akazisogeza mbele ya nundu, hazikukaa katikati kamili, na ukiitazama gari kwa ubavu inaonekana kama meno ya mtoto. Nimezoea.

Bolti ni za namba kumi, spana kumi na saba. Nati ni zile zenye plastiki ya buluu ndani, haziachii kirahisi kwa mtikisiko. Kabla ya kupitisha bolti alipaka rangi ya kuzuia kutu ndani ya kila tundu kwa kijiti cha kiberiti kilichofungwa kitambaa. Tundu kumi na mbili, moja moja, na mimi nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa namtazama. Kama ungenionyesha tundu hizo tu bila mtu, ningejua ni kazi ya nani. Ncha za juu za mabomba akaziziba kwa vibamba, na chini ya kila nguzo akatoboa kitundu cha ncha ya msumari. Maji lazima yataingia, alisema, basi yapewe mlango wa kutokea.

Nilimpelekea pia mabomba ya maji ya chuma yaliyobaki nyumbani, yale meupe yaliyopakwa zinki, nikitaka kupunguza gharama. Akakataa kuyachomelea. Moshi mweupe wa rangi ile ya bomba unampa mtu homa usiku, baridi na mwili kuuma kana kwamba ni malaria. Nikamwambia nasikia mafundi wanakunywa maziwa kwanza. Akacheka. "Maziwa nakunywa na kiporo. Moshi haushuki tumboni."

Kisha ikaja habari ya urefu. Mabomba ya zamani yalikuwa mazima, tungeweza kuyaunganisha yalivyo juu ya miguu mipya inayopanda kutoka sakafuni hadi ukingoni. Nikarudi kwenye daftari. Bodi peke yake, kabichi kilo mia tano na kitu. Ukiongeza sentimita 45 juu ya ukingo, kina kinakuwa mara mbili, kabichi inakuwa tani moja na ushee. Basi. Hapo ndipo gari inapokwisha. Nikamwambia kata hapo. Akaniuliza kama nina uhakika, akaniuliza tena, maana chuma kilichokatwa hakirudi. Grenda ikalia, cheche zikaruka mpaka kwenye mwembe, na nusu zile zikaanguka moja moja kwenye vumbi.

Kwa karoti hesabu ni nyingine, na hapo mabomba hayasaidii kabisa kama kipimo. Kwa hiyo nimepiga mstari wa rangi nyekundu ndani ya bodi, vidole vinne chini ya ukingo. Karoti haipiti mstari. Mwanzoni vijana walinicheka, wakauita mstari wa bahari. Sasa wanauita mstari wa mama, na wakiniona nakuja na daftari wanauliza kwanza leo ni kabichi au mstari.

Mzee aliongeza kitu kimoja ambacho sikukiomba: mnyororo mwembamba unaounganisha nguzo mbili za nyuma kwa juu, una kulabu upande mmoja ili utoke wakati wa kupakia. Kazi yake ni kuzuia pande mbili zisitanuke mzigo ukisukuma. Wanaonunua mabomba yaliyotengenezwa tayari wengi wanausahau, wanashangaa mwaka wa pili kwa nini mlango wa nyuma hautaki kufunga. Wekeni mnyororo.

Watu wananiuliza kama mbao isingefaa. Ingefaa. Ukivunja ubao mmoja, unabadilisha huo mmoja kwa msumari na nyundo. Lakini mbao ikinyeshewa inaongezeka uzito, na huku kwetu inanyeshewa.

Vile vipande vilivyokatwa sikuviacha karakana. Vinne vimekuwa miguu ya benchi ninalokalia nikichambua karoti, viwili mama amevichukua bandani kwa kuku, sijauliza anafanyia nini. Spana kumi na saba inakaa kwenye droo ya dashibodi pamoja na leseni. Kila Jumamosi napitia bolti zote. Kumi na moja hazijawahi kusogea. Ya nyuma kushoto inalegea robo mzunguko kila baada ya wiki mbili, palepale palipopasuka. Mzee anasema bodi ilipinda kidogo siku ile na haijarudi. Mimi nasema tundu lake limetobolewa kubwa. Tumekubaliana Jumamosi hii aingie chini tena atazame, na ameshaniambia nije na mpira mwingine wa tyubu.